Siku Niliposema Mwanga Hausukumi

Ukifika Shauri Moyo, hapa Nairobi, uulize anakoishi Madam Nafula, hawatakuelekeza kwanza. Watakuuliza, "Yule wa kiti?" halafu watacheka mpaka usahau kilichokuleta. Ndiyo, ni mimi. Video mmeiona (msijifanye hamjaiona), kwa hivyo kuanguka kwangu sina haja ya kuwaficha, ila aibu yenyewe haikuwa ile ya kuanguka, na ndiyo maana nimeamua kuwasimulia mwenyewe.

Mimi hufundisha fizikia katika shule moja ya kutwa, hatua chache kutoka soko la Gikomba. Ilikuwa siku ya wazazi, na kila somo lilipewa dakika kumi mbele ya hema kuwaeleza wazazi kwa nini watoto wao walichague, maana wiki iliyofuata wanafunzi walikuwa wajaze fomu. Watoto wa fizikia walikuwa wamepungua mwaka baada ya mwaka, na mwalimu mkuu alikuwa ameniambia bila kupepesa macho kwamba wakipungua tena, darasa litafungwa. Kwa hivyo nilijipamba, nikavaa ile sketi yangu ya harusi za watu, nikajiambia leo ni leo.

Nikawaeleza antena. Nikasema ndani ya waya mna chembe ndogondogo ziitwazo elektroni, zina chaji, na ukizitikisa juu chini, juu chini, zinarusha mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanayobeba sauti ya redio na simu zenu, na mwanga wa taa ni ndugu yao wa tumbo moja. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa suti aliyeketi mstari wa mbele, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikajiona nimefika.

Hapo Mama Shiro akainua mkono, akasimama.

Mama Shiro huuza blanketi za mitumba Gikomba, na siku hiyo alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, furushi la blanketi likiwa miguuni pake kwa sababu kulikuwa na mteja anamsubiri Eastleigh. Binti yake, Shiro, ndiye mwanafunzi anayenifanya niamke asubuhi nikiwa na hamu ya kazi.

"Mwalimu, samahani, mimi sikusoma sana," akasema. "Lakini nikisimama juu ya mkokoteni nimrushie mtu furushi kama hili, mkokoteni unarudi nyuma. Lazima mtu aushike. Sasa hiyo chembe yako ikirusha mwanga, yenyewe hairudi nyuma?"

Jamani. Miaka yote niliyofundisha, hakuna mtoto wala mkaguzi aliyewahi kuniuliza hivyo, na ukweli wa Mungu ni kwamba sikujua. Ningesema tu, "Sijui mama, nitaangalia," na leo ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, mwenyekiti kalamu juu, na mimi nikatabasamu lile tabasamu la mwalimu aliyebanwa.

"Hapana, mama. Mwanga hauna uzito, kwa hivyo hausukumi kitu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

(Hilo "kabisa" ndilo lililonimaliza.)

Mama Shiro hakukaa. Akabaki amesimama akiniangalia vile wachuuzi wanavyomwangalia mteja anayesema blanketi ina tundu ilhali haina. Mzazi mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Tuonyeshe basi, madam!" na watu wakapiga makofi, na mimi, badala ya kukumbuka kwamba dakika zangu zimekwisha, nikakimbia ofisini kwa mwalimu mkuu nikachukua kiti chake kipya cha magurudumu, kile kinachozunguka, ambacho bado kilikuwa na plastiki mgongoni. Sikuomba ruhusa, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshika maikrofoni akisubiri kufunga shughuli.

Nikakiweka kiti kwenye saruji mbele ya hema, nikakikalia, nikainua miguu, nikawasha tochi ya simu na kuielekeza mbele. Kiti kikatulia tuli. "Mnaona? Mwanga umetoka, mimi siendi popote!" Makofi. Nikavimba kichwa. Nikamwambia Mama Shiro, "Nipe hilo furushi sasa muone tofauti," naye akaniletea, akaniwekea mapajani, akasema polepole, "Mwalimu, hapa pana mteremko." Nikamwambia asijali.

Nikalirusha kwa nguvu zangu zote.

Kwanza kiti kilirudi nyuma vizuri kabisa, kama ilivyoandikwa vitabuni, na watu wakashangilia. Kisha mteremko ukakipokea. Nikajaribu kushusha miguu, kiatu kimoja kikabaki nyuma, kiti kikazunguka na mimi nikawa naenda uso mbele, naliona hema linanijia, namwona mwenyekiti anasimama na daftari lake, nasikia mtu anasema "Yesu wangu!" na nadhani mtu huyo alikuwa mimi. Nikaugonga ule mti ulioshikilia hema katikati. Nawaambia, hema likashuka taratibu kama mtu anayejifunika shuka, likawafunika wazazi, bodi, keki ya wageni, na mwalimu mkuu, ambaye maikrofoni yake ilikuwa bado inafanya kazi, kwa hivyo mtaa mzima ulimsikia akisema kutoka ndani, "Tulieni wazazi, tulieni, ni upepo tu."

Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Wazazi walitoka mmoja mmoja wakiwa na sukari ya keki kwenye nywele, wengine wakicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nimeketi chini na gurudumu moja la kiti mkononi. Mama Shiro ndiye aliyekuja kuniinua. Yeye hakucheka. Alinipangusa sketi, akaokota furushi lake, akasema, "Furushi umenionyesha, mwalimu. Mwanga bado." Akaondoka.

Wiki iliyofuata Shiro akajaza fomu yake, na mahali pa fizikia akaweka somo jingine. Biashara. Nilipomuuliza sababu akaangalia chini, akanipa maneno ya mama yake. "Mathe alisema mwalimu akiulizwa jambo asilolijua akasema analijua, basi hata yale anayoyajua huwezi kuyaamini."

Mnaona sasa aibu yangu ilikuwa wapi.

Jumamosi nikatoa kitabu changu cha chuo kikuu, nikafungua zile kurasa za mwisho ambazo mhadhiri wetu aliziruka, na sisi tukashukuru. Nikasoma asubuhi hadi chai ikapoa mara mbili. Jibu lilikuwa humo, wazi. Chembe yenye chaji ikitikiswa na kurusha mwanga, kule kurusha kunaipiga breki, kunaupunguza mwendo wake wenyewe. Mwanga hauna uzito, ni kweli, lakini una msukumo. Maana yake hata tochi yangu ilinisukuma pale kwenye kiti mbele ya watu wote, kiasi kidogo mno ambacho hakuna chombo cha shule kingekiona, lakini ilinisukuma. Nikainua macho nikatazama balbu ya nyumba yangu. Miaka yote hiyo ilikuwa ikinisukuma kutoka juu ya kichwa changu. Mwili wote ukanisisimka, na sioni haya kuwaambia kwamba nilitokwa na machozi, mtu mzima, juu ya balbu.

Nikavaa viatu nikashuka Gikomba na kitabu kwapani.

Mama Shiro alikuwa juu ya rundo la blanketi, Shiro chini akikunja. Wachuuzi wa jirani wakaanza, "Madam wa kiti! Karibu, kiti tunacho!" Nikavumilia.

"Mama Shiro, nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi. Inarudi nyuma. Nilikudanganya, na nilikudanganya mbele ya mtoto wako."

Akashuka kutoka kwenye rundo. Nikamweleza yote, nikitumia blanketi na mikono yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hata mteja mmoja akachoka kungoja akaenda zake.

"Ngoja," akasema. "Mkokoteni unasukumwa na miguu yangu. Hiyo chembe iko peke yake. Nani anaisukuma?"

"Kitabu kinasema ni yenyewe. Ina kitu kimeizunguka pande zote, kinatoka kwake, na ikitikisika, kile cha kwake kinairudia."

"Inajisukuma yenyewe?"

"Na kuna zaidi. Ile hesabu yake ukiifuata mpaka mwisho, inakuambia chembe inaanza kusogea kabla hujaisukuma."

Shiro aliacha kukunja. "Kabla? Itajuaje kama inakuja kusukumwa?"

Mama na binti wakanitazama, nyuso mbili zinazofanana, na soko lote likaendelea kupiga kelele huko nyuma yao. Nilihisi lile tabasamu langu la kubanwa linataka kutoka. Nikalizuia.

"Sijui," nikasema. "Wenye kuandika vitabu wenyewe wamebishana juu ya hilo zaidi ya miaka mia moja. Wengine wanasema hesabu ndiyo imefika mwisho wa uwezo wake pale. Mimi sijui."

Mama Shiro akapiga kofi moja, mikono yake ikabaki imeshikana kifuani. "Haki ya Mungu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Kitu kidogo hivyo, na kimewashinda wote."

Shiro alikuwa ameshachukua kitabu, anakisoma amesimama, midomo ikitembea. Jumatatu alikuja kuniomba fomu mpya. Kiti cha mwalimu mkuu nilikilipa kidogo kidogo hadi deni likaisha, na mwenyekiti wa bodi hadi leo akiniona hushika nguzo iliyo karibu.

Nimeapa, nanyi ni mashahidi wangu: nikiulizwa jambo nisilolijua nitasema sijui, hata kama aliyeketi mbele yangu ni rais na suti yake. Neno lenyewe ni fupi. Siku ile Gikomba ilikuwa mara ya kwanza kulitamka nikiwa mwalimu, na wanafunzi wangu wawili, mmoja wao muuza blanketi, wakasogea karibu zaidi.