Nyongeza ya Kiganjani

Enzi zetu hakuna kitu kilichotoka dukani kikaja nyumbani peke yake. Ukitumwa sukari, sukari ilikuja na mwenzake. Ukitumwa majani ya chai, majani yalikuja na mwenzake. Huyo mwenzake tulimwita nyongeza, na sisi watoto wa Isiolo wa wakati ule, kabla hata hatujajua kuhesabu mpaka kumi, tulijua nyongeza ni haki yetu.

Kulikuwa na mzee Msomali mwenye duka la mabati kando ya barabara kubwa, hii inayokwenda Marsabit. Siku hizo haikuwa na lami. Lori likipita mchana, mlitambuana kwa sauti tu mpaka vumbi litulie. Huyo mzee tulimwita Adeer, yaani baba mdogo kwa lugha yao, ingawa wengi wetu tulikuwa Waborana na Waturkana na Wameru. Adeer alipima sukari kwa mizani, akaikunja kwenye gazeti kama kofia, akakupa. Sasa wewe huondoki. Unanyoosha mkono, kiganja juu, unanyamaza. Naye anajifanya hakuoni. Anapanga viberiti, anakohoa, anamuuliza paka wake habari ya watoto.

"Bado uko?"

"Bado niko, Adeer."

"Unangoja nini? Nikuoze kijana wangu?"

Halafu anachota sukari kwa vidole vitatu, anakumwagia kiganjani. Hiyo haikuwa ya mama. Hiyo ulilamba njiani, ukitembea polepole ili isiishe kabla ya ule mgunga mkubwa, na ulimi ukifika kwenye mistari ya kiganja ulikuta sukari, jasho, vumbi na, nisiwadanganye, mavi ya mbuzi kidogo. Hakuna aliyekufa.

Rafiki yangu Nakiru ndiye alikuwa bingwa. Baba yake alikuwa askari wa kulinda stoo, na walikaa nyuma ya kwetu, katikati ua wa miiba tu. Nakiru alijua kukunja kiganja kikawa kama bakuli. Adeer akimwaga vidole vitatu, mle ndani sukari ilionekana kidogo, basi anaongeza. Mimi changu kilikuwa bapa kama mkate wa anjera. Lakini Nakiru hakuwa mchoyo. Tukifika kwenye mgunga alininyooshea mkono, akasema, "Lamba upande huo, usivuke mstari." Na mimi nilivuka.

Wajukuu wangu nikiwaambia hii hadithi wanasema, "Akko, hiyo ni uchafu." Hawa wenye suruali zimeraruka magotini wakazinunua hivyo hivyo, bei ghali! Ukiwauliza nyongeza ni nini, wanakwambia ni bando za simu.

Lakini nilikuwa nataka kuwaambia habari ya maziwa.

Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia. Baba alikaa na mifugo huko nje upande wa Merti, na akija mjini akauza beberu mmoja tu pale sokoni, alirudi na gunia la mahindi, sukari, majani, leso ya mama, na mfukoni bado kunalia kengele. Beberu mmoja! Tulikula tukasahau kama ameuzwa. Mama naye aliamka alfajiri na vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi, mpaka leo nikisikia harufu ya ule moshi nageuka nikidhani ananiita. Alipimia watu kwa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kikombe kinajaa, anamimina. Kisha mkono unarudi kwenye kibuyu, anaongeza kidogo tena juu. Hakuna aliyeomba. Hivyo ndivyo maziwa yalivyouzwa.

Siku moja malaria ilimshika. Nilikuwa darasa la tatu, na hilo ndilo la mwisho nililosoma, kwa hivyo mjue nilikuwa na elimu yangu yote tayari. Nikatumwa nyumba nne na kibuyu. Nikafikiri kwa akili yangu ya shule: nikipima mdomo wa kikombe, sawasawa, bila kuongeza, si yatabaki ya kuuza nyumba ya tano? Yakabaki. Nikauza. Nikarudi nikiruka, sarafu ya ziada kwenye ngumi, nikamwambia mama jinsi nilivyofanya.

Mama aliamka kutoka kitandani akitetemeka. Hakunichapa, na afadhali angenichapa. Alijifunga leso kichwani, akachukua kibuyu, akanishika mkono, tukazunguka nyumba zote tano, jua kali, yeye anatapika njiani. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Salaam aleikum. Mtoto wangu alisahau kitu chenu." Kisha ananipa kikombe nimimine nyongeza mwenyewe, watu wakitazama. Tukirudi aliniambia, "Kikombe ni cha pesa yao. Kinachoongezwa juu ni cha jina letu."

Mama akafa, kikombe kikabaki kwangu. Nimeuza maziwa hapa Isiolo nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa mjane. Ngamia wa baba walimalizwa na ukame mmoja baada ya mwingine, sasa maziwa nayanunua kwa mitungi inayoletwa na pikapu. Lakini mkono wangu haujawahi kusahau kurudi.

Sasa tuje kwa binti yangu Tume. Naishi naye na watoto wake watatu. Tume ni mpishi kwenye shule fulani, na mshahara wake ni ule ule tangu kitinda mimba wake hajaota meno. Sasa huyo mtoto ameota, ameng'oka, ameota tena. Kila mwaka wanaambiwa nyongeza inakuja. Sikieni hilo neno! Ni lile letu, limekwenda ofisini likapotea njia. Unga haungoji nyongeza. Unga unapanda wenyewe. Mkate bei imesimama lakini wenyewe umekonda, unaweza kusomea gazeti kupitia kipande. Nauli, mafuta ya taa, sabuni, yote yanapanda kama mbuzi kwenye mwamba. Zamani mtu mmoja alifanya kazi tukala kumi. Leo kwetu tunafanya kazi wawili, na jioni Tume anasema ameonja kazini ameshiba. Mimi ndiye nilimzaa. Najua akishiba anakaa vipi.

Jana akaniletea chupa tupu. Akasema, "Mama, leo usiache nyongeza. Lakini badala ya kumwagia watu, mwaga hapa ndani. Leo tu."

Nikamfanyia. Niliowaudhi niliwaambia kesho. Jioni chupa ilikuwa imejaa. Tume akaiweka mezani katikati ya watoto.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni nyongeza."

"Hapana. Hii ni pakiti ya unga. Kila siku unamwagia watu pakiti ya unga, na watoto wangu wanakunywa chai ya rangi."

"Nyanya yako alitoka kitandani na malaria..."

"Naijua hiyo hadithi. Nyanya alikuwa na beberu wa kuuza. Wewe uko na beberu gani?"

Nikachukua sufuria, nikabandika chai. Tulikunywa hiyo chupa, chai nyeupe kabisa, na yule mdogo akalamba kikombe mpaka ndani. Nikamwambia Tume haya, kuanzia kesho napima mdomo wa kikombe.

Asubuhi nikakaa mahali pangu. Niliogopa kama mwizi. Lakini wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, alilipa kwa simu, akaondoka bila hata kutazama kikombe. Wa pili hivyo hivyo. Nikasema kumbe! Hawa hata hawajui wamenyimwa. Hilo liliniuma zaidi. Ukimnyima mtu kitu akalalamika, angalau kilikuwepo.

Kisha nikamwona Nakiru anakuja na chupa yake. Ndiyo, yule yule. Amezeeka kama mimi, goti moja halikunji, anauza mkaa mbele ya nyumba yake. Kila asubuhi ananunua kikombe kimoja, na kila asubuhi tunatukanana kidogo ndipo siku ianze.

"Habari ya asubuhi, kiganja bapa."

"Nzuri, mlafi. Leta chupa."

Nikajaza kikombe. Nikamimina. Chupa bado ameinua, kama kawaida yake, anangoja. Na mimi nimeshika kikombe, nimemuahidi mtoto wangu, na mkono hausikii ahadi. Ulienda wenyewe kwenye mtungi, ukachota. Nikasema moyoni, Tume anisamehe, huyu mmoja tu.

Nakiru akaona. Akafunika mdomo wa chupa kwa kiganja chake.

"Wacha," akasema. "Hiyo peleka kwa mtoto."

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Mimi mkaa napima mdomo wa mkebe tangu Ramadhani yenu iliyopita. Na wewe uliona, ukanyamaza."

Ni kweli niliona. Zamani mkebe wake wa mkaa ulikuwa na kilima juu, vipande vinaanguka anaviokota anaongeza. Nilipoona kilima hakipo nilijifanya naangalia mbuzi wa watu. Basi miezi yote hiyo yeye alijua kwetu hakutoshi, mimi nikajua kwake hakutoshi, kila mmoja akimsitiri mwenzake.

Enzi zetu tulinyoosha viganja vikatazama juu, tukangoja bila wasiwasi, kwa sababu mkono wa kumwaga ulikuwepo. Leo nilitazama kile kiganja nilichokilamba nikiwa mtoto, kile kilichokuwa bakuli la sukari, sasa kimegeuka chini, kinafunika, kinakataa. Natamani lile duka la mabati. Namtamani hata paka. Natamani kuwa na mama mkali wa kunirudisha milango yote hii nikamimine, na maziwa ya kutosha kuimaliza.

Nakiru hakutoa mkono. Mimi nami ni mtoto wa mama yangu. Nikamimina hivyo hivyo, juu ya kiganja chake. Maziwa yakatiririka kwenye mishipa ya mkono, mengine yakaanguka chini kwenye vumbi, mengine yakapenya kati ya vidole yakaingia kwenye chupa.

"Wewe ni mjinga tangu utoto," akasema. Kisha akainua mkono, akaulamba polepole, upande mmoja, akasimama katikati. Akaninyooshea.

"Usivuke mstari."

Tume, hayo maziwa sikuyapima.