Meza ya Duara
Mama mhudumu wa baa moja ya mji wa Bamberg, Ujerumani, inayopika bia yake yenyewe hubeba magi kumi za udongo kwa mikono miwili, na mlango wa jikoni huusukuma kwa nyonga. Vidole vyake vimepinda kufuata mishikio ya magi. Wageni wa likizo, hata wenye mvi, huwaita "watoto", na sauti yake hufika mezani kabla yake. Volkmar, mwalimu mstaafu wa Hamburg, huja kila kiangazi akiitamani meza ya duara, ambayo ni ya wazee wa mtaa peke yao. Miaka kumi na mmoja mama huyo amemfukuza: "Toka hapo, mtoto! Hiyo si ya watalii." Mchana wa leo Volkmar alikwenda mwenyewe kwenye benchi la watalii la mlangoni, akaketi. Mama akapita na magi zake kumi, akasimama ghafla.

"We Volkmar, unaumwa? Wenzako wanakungoja kule, nawe umekaa huku na watalii!"

Kumbe jina lake alilijua! Volkmar akaifikia meza ya duara, akaigonga konzi mbili, kama wenyeji wanavyosalimiana. Wazee wote wakagonga kumwitikia, hata povu likaruka.