Mwonja Chumvi wa Malindi

Pweza akianza kuchemka, kwanza hunuka mwamba uliobaki mkavu baada ya maji kutoka, kisha tangawizi na thomu huja kuifunika harufu hiyo. Siku hizi hunikuta nyumbani Mwanakwerekwe, mbali na pwani, mkwe wangu anapopika, nami huacha ninachokifanya nikatafuta pa kukaa. Magoti yangu yamechoka, hayataki tena kukumbuka kwa kusimama. Basi kaeni nami kidogo, niwaeleze habari ya sufuria moja ya supu niliyoiharibu nikiwa na umri wa miaka tisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, na Ramadhani ikiangukia ndani ya kaskazi, joto lenyewe lile la kumfanya mtu aichukie nguo aliyoivaa. Mama yangu, ambaye watu wote pale bandarini walimwita Bi Zuhura, alikuwa akipika supu ya pweza kwenye diko la Malindi ya hapa Unguja, pale mashua zinaposhusha samaki. Baba alikuwa Mkokotoni kwa mke wake mwingine. Kwa jinsi tulivyokuwa tukimwona kwa nadra, Mkokotoni ilikuwa mbali kuliko Bombay.

Tulikuwa tukiteremka asubuhi na mapema, Mama na sufuria kichwani, mimi na upawa na mabakuli. Mashua zilikuwa zimeshaingia, na samaki wamemwagwa chini, changu, jodari, mapapa wadogo wenye macho ya kushangaa. Mnadi alikuwa akiwatangaza kwa sauti iliyokwaruza tangu Ramadhani ilipoandama. Wanaume walipita mbio na makapu mabegani, maji ya samaki yakiwachuruzika mgongoni, na kunguru wakitembea katikati yao bila haraka. Ilipofika saa tano kazi ilikuwa imekwisha na mchanga unachoma. Wavuvi walijilaza chini ya vivuli vya vyombo, midomo imewakauka, wala hawakuwa na nguvu hata za kutukanana. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki akigonga, fundi aliyekuwa akiziba mianya ya mashua kwa pamba na mafuta ya papa. Na Mama naye, akimpigapiga pweza juu ya jiwe mpaka alainike. Alikuwa akimpiga, anapumzika, anajifuta uso kwa ncha ya kanga, anampiga tena. Sijapata kumwona mtu aliyechoka kwa utulivu kama yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimeugua homa ndefu, nikatoka nayo mbavu zinahesabika. Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja tu, kufunga. Salma, mtoto wa jirani, tuliyelingana umri, alikuwa akifunga kutwa, na kila akiniona alinitolea ulimi wake, mweupe kwa funga, kama cheti, akaniimbia, "Mla mchana! Mla mchana!" Nilimwambia Mama nami nitafunga, na kwamba hata nikiwekewa biriani sitaigusa. Siku mbili za mwanzo aliniwekea muhogo adhuhuri, nikaugeuzia mgongo.

Siku ya tatu hakuniwekea muhogo. Aliniita pale mafigani.

"Asha!"

"Naam, Mama."

"Njoo unionjee chumvi. Mie nimefunga, siwezi kuonja. Watu wakipewa supu mbaya hapa watanijia tena kesho?"

Nikasema nami nimefunga. Akaniambia wafungaji wako wengi bandari nzima, lakini mwonja chumvi hakuna hata mmoja, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiye na ulimi mzuri. Jamani, nilikuwa na miaka tisa. Nikaona kweli, mimi ni mtu muhimu.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Adhuhuri, pweza akishaiva, Mama alinijazia bakuli, supu mpaka juu na vipande vinene vya mkono wa pweza. Nilipomwambia kidogo kinatosha alinikaripia, "Onja vizuri, tone halisemi kweli. Chumvi huingia ndani ya nyama." Nikala mpaka chini. Kisha nikatangaza, "Bado kidogo, Mama," naye akatia chumvi kidogo. Alasiri nikaonja tena, bakuli lile lile, nikasema, "Sasa imekolea." Kila siku hivyo hivyo. Jirani yetu pale, Bi Mwajuma aliyekuwa akipika mchuzi wa samaki, yeye alijidondoshea tone kiganjani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Na amefunga! Nikaona dini yake legelege, nikamshukuru Mungu kunipa mama mwenye kumwogopa.

Lakini Salma hakuacha kuimba. Mwezi ulipokaribia kumalizika nilikata shauri kwamba lazima nifunge siku moja kamili, hata kwa wizi.

Siku niliyoichagua, pweza hawakupatikana mjini. Mama alinunua walioletwa kutoka Chwaka, na kwa ajili ya joto la njiani walikuwa wamesuguliwa chumvi. Aliwaosha mara tatu. Alipoinjika sufuria hakutia chumvi hata chembe. "Leo nnakutegemea wewe," aliniambia. "Hawa wana yao. Onja kwa akili."

Nilichukua bakuli langu adhuhuri nikaenda nalo nyuma ya ngalawa iliyopinduliwa. Harufu ilinipanda kichwani, mate yakanijaa, nikayatema yote nisije nikafungua kwa mate. Nikalimwaga bakuli mchangani. Paka mmoja wa bandarini, mwenye sikio moja, alikuja na kushughulika na vile vipande kwa heshima zote.

Nikarudi. Sasa nitasema nini? Nikafikiri, nikisema imekolea tangu mara ya kwanza, Mama atashangaa, maana sijapata kusema hivyo hata siku moja. Nikasema ninachosema siku zote.

"Bado kidogo, Mama."

Mama akanitazama. "Bado? Hawa wa Chwaka?"

"Bado kabisa. Maji matupu."

Akatia chumvi. Alasiri nikampelekea paka bakuli la pili, nikarudi nikasema imekolea. Kichwa kilikuwa kinaniuma na koo limekauka, lakini nilikuwa nikitembea pale bandarini nimeinua shingo, nikimtafuta Salma nimwoneshe ulimi wangu.

Adhana ya Magharibi ilipolia, watu walifungua kwa tende na maji, kisha wakaja kwetu. Wa kwanza siku zote alikuwa nahodha Makame, mtu mzima mpole, mwenye vidole vilivyochanwa na mishipi. Alipiga funda moja. Akafumba macho. Akaliweka bakuli chini taratibu.

"Bi Zuhura," alisema, "mie bahari nimeiacha asubuhi. Nawe umenipikia tena?"

Watu wakacheka, kisha wakaonja wao, kicheko kikakatika. Mama alichota kwa upawa, akaonja. Akanigeukia. Nilitamani mchanga wa Malindi unimeze. Akawageukia wao, akasema, "Niwieni radhi. Mkono wangu leo umekuwa mzito. Nimechoka." Basi. Hakunitaja. Alitia maji, akakamua ndimu, wapi! Watu wakahamia kwa Bi Mwajuma, mmoja mmoja, wakipita mbele yetu kwa haya kana kwamba wao ndio wenye kosa.

Tulipokuwa tunakusanya mabakuli, Mama alizunguka ile ngalawa kumwaga maji. Paka alikuwa bado pale, amelala ubavu, ameshiba, na vipande viwili pembeni vimemshinda. Mama alisimama akivitazama muda mrefu.

"Asha. Hukuonja."

"Sikuonja, Mama. Nlikuwa nimefunga."

Nilingoja kofi. Aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Na siku nyengine? Siku nyengine ulikula?"

"Nlikula. Leo tu, Mama. Wallahi leo tu."

Akakaa juu ya ile ngalawa, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Nilidhani analilia sufuria. Nikamwahidi sitasema uongo tena, nitaonja vizuri, na yeye akawa anatikisa kichwa tu. Alipomaliza alitoa tende zake mbili alizofunga kwenye pindo, akanitia mkononi. "Kula. Mungu aikubali funga yako." Kesho yake adhuhuri aliniita tena kuonja, bakuli mpaka juu, nami nikala nimenuna. Nilimwekea kinyongo cha Ramadhani ile kwa miaka mingi.

Nilikuja kuolewa. Ramadhani moja nilikuwa jikoni kwangu, nimefunga, napika pweza, wala hapakuwa na mtoto wa kumwita. Nikajidondoshea tone kiganjani, nikaligusa kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikasukutua. Chumvi bado kidogo. Nilijua mara ile ile, kwa tone moja, na funga yangu ilikuwa salama. Hilo kila mpishi analijua, na Mama alikuwa akilijua tangu sijazaliwa, ila angejionjea mwenyewe mbele yangu, mimi ningekula kwa kisingizio gani? Mabakuli yale, vipande vile vinene! Na jioni, watu wakishashiba, nilikuwa nikimwona akikwangua sufuria kwa upawa akinywa maji yaliyobaki, nikidhani ndivyo apendavyo.

Mama alikuwa ameshafariki. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikamjibu upya lile swali lake, kwa sauti, peke yangu.

"Nlikula, Mama. Siku zote nlikula, ila ile moja."

Kisha nikainuka nikatia chumvi, maana watu wa kufuturu walikuwa njiani.