Mstari kwenye Picha ya Nyumba

Mpaka leo sijajua ule mstari ulikuwa nini. Ulionekana pichani, kwenye ukuta wa nyumba, usawa wa goti: labda kivuli, labda rangi, labda alama ya maji yaliyowahi kusimama.

Picha ilikuwa mezani, katika kibanda cha simu mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, Uchina. Nje manyunyu yalianguka taratibu, nami nilikuwa nimejikinga humo. Mfanyabiashara mmoja na mkewe walikuwa wakinunua nyumba hiyo Dar es Salaam bila kuiona, kwa akiba yao yote. Wakili aliwaambia kwenye simu kwamba hati ni safi, ila muuzaji ana haraka. Kwa hiyo uchunguzi wa ziada ungewezekana mmoja tu: kupima mipaka au kuuliza habari za mafuriko.

"Mipaka," alisema mume. "Majirani wa Dar nawajua mimi."

Mke aliupitisha ukucha juu ya ule mstari, polepole. "Jirani utagombana naye, baba watoto. Maji utagombana nayo vipi?"

Mume akacheka, kisha akaitazama mvua. Nyumba iliyo mbali ni kama ndoto. Hata mimi, mpita njia, nilishaanza kuchagua dirisha la kukalia.

"Basi maji," alimwambia wakili, aliyeahidi kumtuma karani.

Mke akaichukua simu. "Karani asisumbuke. Tunaye mtu wetu huko."

Kesho yake nilimkuta mke palepale akiongea na Dar. Mama mkwe wake alikuwa ameshaketi kwenye baraza la nyumba ile, na mwavuli na chupa ya chai, akiisubiri masika.