Mgonjwa Wangu wa Simu ya Upepo

Siku hizi nesi wa kliniki ya presha hunipigia simu ya mkononi kuniuliza kama nimemeza vidonge na mashine imesoma ngapi. Ni binti mstaarabu. Ninapomjibu huwa nasikia uchovu katika pumzi zake, na huwa natamani kumwambia aketi kwanza anywe chai. Watoto wangu wanadhani kumtibu mtu aliye mbali ni mambo ya juzi. Mimi niliifanya kazi hiyo nikiwa bado msichana, miaka ya sabini, katika zahanati ya misheni huko Madibira, na nadhani uchovu wa kazi ile haujanitoka wote mpaka leo.

Nilikuwa nimetoka milima ya Rungwe, nchi ya migomba na mvua isiyojua kukoma. Madibira ilinipokea kwa vumbi na joto. Mganga msaidizi niliyemkuta alihamishwa baada ya muda mfupi, tukaambiwa mwingine anakuja, na hakuja. Nikabaki na mama mmoja wa usafi, aliyekuwa pia mpishi wa wagonjwa na mkunga nilipozidiwa. Asubuhi nilifunga vidonda, mchana nilizalisha, jioni nilichemsha mabomba ya sindano, yale ya kioo, na kuyapanga kwenye trei ili kesho yatumike tena. Miguu ilivimba kama ya mjamzito.

Katika chumba cha dawa kulikuwa na simu ya upepo. Lilikuwa sanduku la kijivu lililotumia betri ya gari, na waya wake ulipita dirishani ukapanda hadi kwenye mkaratusi. Betri ilipokufa tuliipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kama mashine nayo imeharibika, basi tulikaa viziwi. Kila asubuhi daktari wa hospitali kubwa ya misheni, huko milimani Iringa, aliita vituo vyake kimoja baada ya kingine. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa kikohozi kifupi alichokitoa kabla ya kuanza kusema.

"Madibira, unanipata? Ova."

"Nakupata, daktari. Ova."

Ndipo nilipomweleza habari za wagonjwa wale wasiopona, ambao huishi na ugonjwa kama mtu anavyoishi na mkwe mkorofi. Kulikuwa na mzee wa pumu, kijana wa kifafa, wagonjwa wa kifua kikuu waliotakiwa kumeza dawa hata baada ya kujiona wazima. Na kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma mwenye ugonjwa wa sukari.

Yeye na mumewe walikuwa wameteremka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakitafuta malisho, wakajenga nje ya kijiji kuelekea mbugani. Mara ya kwanza aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, midomo imekauka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Tulibahatika kupata lori la kumfikisha hospitali ya serikali. Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa amenenepa kidogo, amebeba chupa ya insulini aliyoifunga ndani ya kitambaa chenye maji, na agizo kwamba nimchome kila siku, nipime mkojo wake na kumpa taarifa hewani daktari wetu wa misheni.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Unatia dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, unadondoshea mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikiwa njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, kuna hatari. Basi kila asubuhi mimi nilitangaza rangi, daktari akakohoa, akaniambia niongeze insulini au nipunguze.

Yule mama alitembea kuja kwangu kabla jua halijachomoza vizuri. Alikuwa wa makamo, mrefu, si msemaji. Aliniita mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa mwanawe. Alikuwa anakaa kwenye benchi, anainua khanga mwenyewe, ananiachia paja.

"Mayu, hii sindano itakwisha lini?"

"Haiishi, mama. Ni ya siku zote."

Alikuwa ananiuliza hivyo mara kwa mara. Si kwamba alisahau. Nadhani alitaka kuona kama siku moja nitachoka kusema ukweli. Nami nilikuwa nimechoka kweli, ila kwa jambo hilo sikuwa na jibu lingine la kumpa.

Siku moja mumewe akaja bila yeye. Alisimama mlangoni, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Alisema taratibu kabisa.

"Nesi, mkojo wa mke wangu umefika kwa wakwe kabla yangu."

Sikuelewa. Akanieleza. Binti yao mkubwa alikuwa amechumbiwa na familia ya Kisukuma iliyoishi upande wa pili wa bonde la Usangu, jirani na kituo kingine chenye simu kama yetu. Kumbe simu ya upepo haina faragha. Ninachomwambia daktari, kila mwenye sanduku anakisikia, na anayepita dirishani mwake pia anasikia. Mtu alikuwa amesikia habari za mama wa Kisukuma wa Madibira ambaye mkojo wake una sukari, akazipeleka nyumbani. Huyu mzee alipokwenda kukamilisha mazungumzo, akaambiwa kwamba ugonjwa huo uko kwenye damu, na binti naye atakuwa nao.

"Sijaja kugomba," akasema. "Nimekuja kukwambia tu kwamba hatakuja tena."

Niliketi kwenye benchi la wagonjwa. Nilijua maana ya maneno yale. Bila sindano, mkewe asingemaliza mwezi. Nikamwambia hivyo, kwa Kiswahili changu cha Kinyakyusa na chake cha Kisukuma, tukasaidiana mpaka tukaelewana. Akaiteremsha fimbo mabegani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake sikumwona mgonjwa wangu. Nilifunga zahanati mapema, nikatia insulini ndani ya chungu kidogo chenye maji ya baridi, nikatembea hadi kwao. Nilimkuta ameketi chini, anapepeta mpunga, macho mekundu. Binti yake alikuwa kando yake anatwanga. Mzee alikuwa ameondoka na ng'ombe.

"Baba yake huyu amekataa nisiende," akasema. "Lakini hakusema wewe usije."

Nikamchoma pale pale. Tulipomaliza, akauliza kama ni lazima nitaje mkojo nikiongea na daktari. Nikamwambia daktari anahitaji kujua rangi. Akashika mpunga kiganjani, akautazama.

"Basi mwambie habari za shamba," akasema. "Kama ni buluu, sema shamba lina maji. Kama ni kijani, sema bado bichi. Njano, limeiva. Ile ya tofali, sema limeungua. Na jina langu usilitaje, wala kabila."

Kulipokucha nilimwita daktari nikamwambia kuna barua inakuja kwa lori, aisome kabla hatujaongea juu ya yule mgonjwa. Ilipomfika, nilimsikia akikohoa kirefu kuliko kawaida yake.

"Madibira. Shamba lako liko namna gani leo? Ova."

"Limeiva, daktari. Ova."

"Ongeza maji kidogo. Kama jana, na mbili juu. Ova."

Tuliendelea hivyo. Mtu wa kituo kimoja huko Mufindi, upande wa Igowole, akaingilia siku moja akiuliza tutavuna lini, maana kwao mchele umeadimika. Daktari akamjibu kwamba shamba ni dogo, la kujikimu tu. Nilicheka peke yangu mle chumbani, kisha nikashangaa, kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho nilipocheka.

Mzee alipoona kwamba habari za mkewe hazitangazwi tena, akamruhusu kurudi. Uchumba lakini haukurudi. Nilimpa binti pole, naye akainama akatabasamu.

"Usinipe pole, dada. Yule mwanamume sikumtaka."

Yeye ndiye aliyejifunza kuchoma sindano. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Siku nilizoshikwa na uzazi mgumu, alimhudumia mama yake nyumbani, akapima mkojo kwa kichupa nilichomwachia na kuniletea rangi tu, nami nikaipeleka hewani. Hilo lilinipunguzia mzigo mmoja. Mizigo mingine ilibaki. Mafuta ya taa yalipoadimika, jokofu letu likazimika, tukahifadhi insulini kwenye chungu kilichozikwa nusu chini ya mti, nikawa naamka nawaza kama bado ina nguvu au nachoma maji matupu. Mvua zilipokata barabara, betri ikafa na lori halikupita, nikawa naamua mwenyewe, nikiongea na daktari kichwani mwangu, namuuliza na kumjibu.

Kisha likaja jambo la mguu. Mama alikanyaga mwiba akichunga ndama, hakuusikia, kwa sababu sukari ilikuwa imekwisha kuzifisha nyayo zake. Alipoonyesha kidonda, kidole gumba kilikuwa cheusi na harufu imekwisha kuanza. Nilisafisha, nikafunga, nikachoma penisilini. Weusi ukapanda. Asubuhi moja nikamwambia daktari waziwazi, maana shamba halina mguu.

"Mlete," akasema. "Mguu utakatwa chini ya goti. Akichelewa, nitakata juu, na akichelewa zaidi sitakuwa na cha kukata. Ova."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Alisikia yote. Nikageuka.

"Siendi," akasema.

"Mama, umemsikia."

"Nimemsikia. Ni sauti tu ile. Mtu simjui, hanijui, anasema atanikata mguu. Ningekuwa ng'ombe, angekuja kwanza kunitazama."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nimezalisha mapacha alfajiri, mmoja hakupumua. Nikakaa karibu naye, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mguu wake peke yake, nililia kwa ajili ya kila kitu, vumbi, betri, yule mtoto. Aliniacha nilie. Baadaye akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu, kama mtu anayefuta chungu.

"Tutakwenda wote?" akauliza.

"Tutakwenda wote."

Mzee hakupinga. Harufu ya ule mguu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Alitafuta trekta iliyokuwa ikipeleka mpunga barabarani, tukamlaza mkewe juu ya magunia, binti akakaa kichwani, mimi miguuni kufukuza nzi. Tulipofika Mafinga tukapata gari la kupanda hospitali. Baridi ya milimani ilinipiga nikakumbuka kwetu.

Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya hospitali, kwenye foleni, wakati mama alipoinua kichwa.

"Ndiye huyo," akasema.

Nikageuka. Mtu mfupi mwenye koti jeupe lililochakaa kwenye kola alikuwa akipita na kukohoa kile kikohozi chake. Nilikuwa nimemwazia mrefu, mnene, mwenye mvi za heshima. Alikuwa mwembamba kama mwanafunzi, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Nilipomsalimu, akasimama.

"Madibira," akasema. Hakuuliza.

Akachuchumaa mbele ya mgonjwa, akafungua bandeji mwenyewe, akautazama mguu bila kukunja uso. Halafu akamtazama mama.

"Shikamoo, mama. Nimekutibu mwaka mzima sijakuona. Unisamehe."

"Marahaba, mwanangu," akasema mama. Akamkagua taratibu, kutoka viatu hadi nywele. "Wewe unakula kweli?"

Daktari akacheka hadi akakohoa. Alimkata chini ya goti, na kidonda kikapona polepole, kama vidonda vya ugonjwa ule vinavyopona. Jioni moja nilimkuta daktari amelala juu ya kiti ofisini kwake, kalamu mkononi, chai imepoa na kufanya utando. Nilirudisha mlango taratibu. Mpaka siku hiyo nilidhani kwamba aliye upande ule wa sauti hachoki.

Mama alirudi Madibira na magongo, na maisha yakaendelea kama kawaida, yaani kwa shida. Sasa hakuweza tena kutembea hadi zahanati, kwa hiyo binti alibeba kazi yote. Mimi nilivumilia msimu mmoja zaidi, kisha nikaomba uhamisho. Nilimweleza mama mwenyewe nyumbani kwake, nikitegemea atasononeka.

"Nenda," akasema. "Umekonda. Mimi nina binti, wewe una nani?"

Nilihamia Mbeya, nikapanga chumba Ilomba, nikafanya kazi kwenye wodi ambako daktari alikuwa anaonekana kwa macho. Wiki za kwanza nililala kila nilipopata nafasi, hata nikiwa nimekaa.

Habari za mgonjwa wangu nilizipata miaka kadhaa baadaye, kwa mama mmoja wa Madibira aliyeleta mchele sokoni. Aliniambia alifariki kwa homa, malaria ya kawaida, akiwa amezungukwa na wajukuu. Binti alikuwa ameolewa na mtu wa hapo hapo kijijini, aliyekubali kuhamia karibu na mkwewe kwa ajili ya sindano. Nikanunua mchele, nikaubeba hadi nyumbani. Sikulia. Niliuchambua, nikauosha, nikabandika sufuria, nikakaa jikoni nikisubiri uive.