Siku Mama Alipokuja Semina ya Hesabu

Mama yangu aliamini kwamba mtu mzima akiulizwa maswali mbele ya watu, ameharibu. Kanisani kwetu Mutuini ilikuwa hivyo: ukisimamishwa mbele ya wazee, ujue kuna jambo. Mimi hilo halikunijia akilini nilipomwalika kwenye semina yangu chuoni, katikati ya jiji. Nilitaka tu aje anione.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nikisomea digrii ya pili. Nilikuwa nimetunga hesabu za kuonyesha jinsi moshi wa magari unavyosambaa juu ya mji, na kompyuta ikazichora kwa rangi. Walimu wa idara wakiridhika, ningeruhusiwa kuandika tasnifu. Wasiporidhika, mwaka mzima ungekuwa umeenda na maji, na nguvu za kuanza upya sikuwa nazo.

Mama aliketi mstari wa nyuma, kitambaa kichwani, kiondo mapajani. Nilipomaliza kueleza, maswali yakaanza. Kwa nini upepo wangu unavuma upande mmoja tu? Nimejuaje kompyuta hainidanganyi? Profesa mmoja mzee, tuliyemwogopa sote, alinirudisha kwenye mlinganyo wa kwanza, akauliza, akauliza tena. Nilikuwa nimekasirika si mchezo, na mimi nikikasirika hulia.

Ndipo nikasikia kiti kikisogea kule nyuma.

"Bwana asifiwe," mama akasema.

Nusu ya chumba ikaitikia amina kabla ya kufikiri.

"Walimu, huyu ni mtoto wangu. Kama amekosa, naomba mumsamehe. Amejitahidi sana."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini hakuna aliyecheka. Yule profesa alivua miwani, akainuka, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akimwinukia mtu.

"Mama, hajakosa. Kazi ikiwa mbaya hapa huwa tunanyamaza, tunaenda zetu kunywa chai. Hii tunaiuliza kwa sababu tunaitaka."

Mama akashukuru, akaketi. Nikageukia ubao, nikashika chaki, nikaanza ule mlinganyo upya, polepole, kana kwamba namweleza yeye peke yake. Nilipofika mwisho, profesa akaitikia kwa kichwa. Wakanipitisha.

Tuliposhuka ngazi mama alinishika mkono. Nilidhani atanipongeza, au atanisema kwa kumleta mahali pa kumtia hofu namna ile. Tulipofika chini akasimama, akanigeukia.

"Na mimi nina swali," akasema. "Umekula?"

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. Maswali yote ya wale walimu niliyajibu, hili likanishinda. Nikalia pale pale, wanafunzi wakitupita. Mama hakuuliza tena. Alifungua kiondo, akatoa viazi vitamu alivyokuwa amevifunga kwa gazeti, akanimenyea kimoja.