Pale Kati ya Gumba na Shahada

Dada yangu mkubwa wateja wanamwita Mama Sindano, na mdomo wake unachoma kuliko sindano zenyewe. "Ukijikaza nakurudia," huwaambia, na mimi ninayekanda migongo kwenye kitanda cha pili hubaki nikicheka kimoyomoyo. Lakini kazi ikianza, masihara hukoma. Kwa tiba yake ya sindano za Kichina, husema mwili una njia, na njia zina vituo. Ukikosea kituo, umepotea wewe na mgonjwa wako.

Siku hiyo mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alimleta mkamwana wake aliyekuwa akiumwa kichwa. Dada akauliza kama kawaida yake, "Mwanangu, siku zako umeziona?"

"Nimeziona," binti akajibu, macho sakafuni.

"Huyo siku zake hazina neno," mama mkwe akadakia. "Mimba ndizo hazikai. Mbili zimeshatoka."

Nilikasirika. Hayo ni ya kumwaga mbele za watu?

Dada alimshika binti kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Akakawia. Alipoinua macho, binti akatikisa kichwa kidogo sana, kumwomba asiseme. Nikaelewa.

Dada akachoma utosini, akachoma chini ya kisogo. Mkono hakuugusa.

"Na hapa je?" mama mkwe akauliza, akionyesha ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mimi si unanichoma hapa, kichwa kinatulia papo hapo?"

"Kila mwili na njia zake, mama."

"Acha ubahili, bwana!" Akaudaka mkono wa mkamwana wake, akabonyeza pale kwa nguvu zote.

"Mwachie!" Dada alipiga ukelele nisioujua. "Mwenye mimba haguswi hapo!"

Binti akafunika uso. Basi, siri imetoka, nikawaza, na kwa mdomo wa mama huyu mtaa mzima utajua kabla jua halijatua.

Lakini mama mkwe hakuwa akifikiria mtaa. Aliuachia ule mkono taratibu.

"Kila akiumwa kichwa namkanda hapo," akasema. "Na zile mara mbili nilimkanda hapohapo. Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Dada alianza kuchomoa sindano kichwani mwa binti, moja baada ya nyingine.